Mitaa Miwili Jirani: Kwa Nini Bei za Nyumba za Manzese na za Sinza Hazilingani

Leo twataka kuzungumza nanyi habari ya soko moja lisilo na banda, wala mizani, wala siku ya gulio. Nalo ni soko la nyumba. Kila siku katika miji yetu watu hununua nyumba na kuuza, hupanga na kupangisha. Lakini bidhaa yenyewe haichukuliwi kichwani wala haipimwi kwa kibaba. Mnunuzi ndiye aiendeaye bidhaa, nayo hukaa pale pale ilipojengwa. Kwa sababu hiyo mahali penyewe ni sehemu kubwa ya bei. Neno hili lasemwa na wengi, lakini wachache huuliza: je, ni kitu gani kilichopo mahali kinachofanya bei ipande au ishuke?

Ili tulijibu swali hili tumechagua mitaa miwili ya Dar es Salaam, yaani Manzese na Sinza. Tumeichagua kwa kuwa ni majirani. Yote miwili imo katika Manispaa ya Ubungo, na mtu mwenye afya aweza kutoka mmoja akaingia wa pili kwa miguu yake. Jua lao ni moja na mvua yao ni moja. Wote waweza kupanda yale mabasi yaendayo haraka ambayo tangu mwaka wa 2016 yapita katika Barabara ya Morogoro. Hata hivyo, ukimwuliza dalali bei ya nyumba ya Manzese, kisha ukamwuliza bei ya nyumba ya Sinza, utadhani anakutajia habari za miji miwili iliyo mbali.

Kwanza tutazame asili ya mitaa hii. Zamani Manzese ilikuwa mashamba, nje ya mji. Mji ulipokua, watu waliokuja kutafuta kazi walimwendea mwenye shamba, wakamwomba mahali pa kujenga, wakampa fedha, na mashahidi wakasimama. Mwaka wa 1968 kilifunguliwa karibu na hapo kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, na mfanyakazi hupenda kulala karibu na kazi yake. Katika hesabu ya mwaka wa 1967 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 356,286. Katika hesabu ya mwaka wa 1978 ulikuwa na watu 843,090. Kwa miaka 11 watu walizidi mara mbili! Viwanja vilivyopimwa havikuweza kufuata mwendo huo. Basi kila mtu alijenga alipopata, akaelekeza mlango alikotaka, na njia ikawa ile nafasi iliyosahauliwa kati ya ukuta na ukuta. Kufika miaka ya 1970 Manzese ilikuwa mtaa mkubwa kuliko yote ya Dar es Salaam iliyojengwa bila kupimwa.

Hapo kwanza Serikali ilidhani kwamba dawa ya mitaa ya namna hiyo ni kuibomoa. Lakini nyumba ikibomolewa watu wake hawayeyuki. Huenda mbele kidogo wakajenga nyingine. Kwa hiyo mwaka wa 1972 shauri lilibadilika, na mwaka wa 1974 ulipatikana mkopo wa Benki ya Dunia wa kuianza kazi mpya. Kazi hiyo ilikuwa ya namna mbili. Namna ya kwanza ilikuwa kupima viwanja mahali ambapo hapajajengwa, kuchonga barabara, kulaza mabomba ya maji, kisha kuwagawia watu viwanja wajenge wenyewe. Sinza ilipata kazi ya namna hii, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni. Namna ya pili ilikuwa kuitengeneza mitaa iliyokwisha kujengwa, kwa kupitisha barabara chache, mifereji na maji, bila kuwaondoa watu wengi. Manzese ilipata kazi ya namna hii.

Angalieni basi. Mitaa hii ni jirani, na ilitengenezwa katika mradi mmoja na katika miaka ile ile. Tofauti yake kubwa ni hii: katika Sinza kamba ya mpima ilitangulia na tofali likafuata, katika Manzese tofali lilitangulia na kamba ikafuata. Sasa imepita miaka 50 hivi, nasi twaweza kuona matunda.

Katika Manzese bidhaa ya sokoni ni chumba. Nyumba nyingi ni za ile namna tunayoijua sote pwani: ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande wa pili, na nyuma ni ua wenye choo na mahali pa kupikia. Mwenye nyumba mara nyingi hukaa humo humo katika chumba kimoja au viwili, na vilivyobaki hupangisha. Wapangaji wake ni wachuuzi wa mitumba, mafundi, mama lishe, na vijana walioshuka juzi kutoka mikoani. Mtu mwenye fedha kidogo hupata mahali pa kuweka kichwa, na penye sufuria moja ya jirani hupata na moto wa kuazima.

Katika Sinza bidhaa ni nyingi zaidi. Pana nyumba nzima zilizozungushiwa ukuta, pana chumba na sebule chenye choo chake ndani, pana ghorofa, pana nyumba za wageni, na kandokando ya Barabara ya Shekilango pana fremu za maduka. Nyumba zimesimama kwa safu, na kila kiwanja chajulikana kwa namba yake. Mwenye kiwanja aliyejenga nyumba ndogo hapo zamani aweza leo kuivunja na kujenga kubwa, maana mipaka yake haina ugomvi, na gari la mchanga lafika hata mlangoni.

Katika mitaa yote miwili yuko dalali. Yeye hukaa kijiweni, hujua ni nani anayehama na ni nani anayetafuta. Kwa desturi iliyoenea mjini, mpangaji humpa dalali kodi ya mwezi mmoja kwa kazi yake, na mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi mitatu, au sita, au hata mwaka mzima kabla ya kutoa ufunguo. Kijana aliyepata kazi leo, ambaye mshahara wake ni wa mwisho wa mwezi, hupata taabu kubwa hapa. Si kodi ya mwezi inayomshinda, ni kule kutakiwa miezi mingi kwa mara moja.

Sasa twataka wanafunzi washike kalamu. Tutafanya hesabu ya ubaoni, nanyi mjue kwamba fedha tutakazozitaja ni za mfano tu. Tuseme nyumba ya Manzese ina vyumba 6, na kila chumba kodi yake ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Kwa mwezi itazaa shilingi 300,000, na kwa mwaka shilingi 3,600,000. Tuseme tena nyumba ya Sinza, yenye ukubwa wa mita za mraba 100, imepangishwa kwa jamaa mmoja kwa shilingi 400,000 kwa mwezi. Kwa mwaka itazaa shilingi 4,800,000. Mapato ya pili yamezidi ya kwanza kwa theluthi moja tu. Mtu angetazamia kwamba bei ya kuuza nayo ingezidi kwa theluthi moja. Lakini sivyo ilivyo: bei ya kuuza ya Sinza huweza kuwa mara kadhaa ya ile ya Manzese.

Fanyeni hesabu ya pili. Chumba kile cha Manzese tukikipa urefu wa mita 3 na upana wa mita 3, ni mita za mraba 9. Gawanyeni shilingi 50,000 kwa 9. Mtaona kwamba mpangaji alipa zaidi ya shilingi 5,500 kwa kila mita ya mraba. Yule wa Sinza alipa shilingi 4,000. Kwa mfano wetu huu, maskini ndiye anunuaye nafasi kwa bei ya juu, kama vile mnunuzi wa sukari ya vijiko alipavyo zaidi kuliko mnunuzi wa gunia. Basi mtu asiseme upesi kwamba Manzese ni rahisi. Ni rahisi kuingia, lakini anayekaa humo huenda akalipa sana kwa kitu kidogo.

Turudi kwa swali letu. Ikiwa kodi hazitofautiani sana, kwa nini bei za kuuza zinatofautiana mno? Sisi twaona kwamba sababu ni hii: thamani ya nyumba haimo yote ndani ya kuta zake. Sehemu kubwa imo nje, katika vitu ambavyo mwenye nyumba peke yake hawezi kuvijenga.

Cha kwanza ni njia. Mahali ambapo gari halifiki, tofali hubebwa kichwani, na kila mbebaji hutaka ujira wake. Kwa hiyo kujenga huwa ghali. Choo kikijaa, gari la kunyonya maji machafu haliwezi kukaribia. Moto ukiwaka, gari la zimamoto husimama barabarani na mpira wake haufiki. Mgonjwa hutolewa kwa kubebwa mgongoni. Mnunuzi huyapima mambo haya yote moyoni, na kila moja hupunguza bei.

Cha pili ni mpaka. Katika Sinza mawe ya mpaka yalizikwa kabla ya msingi kuchimbwa. Mahali pasipo mawe hayo, mpaka ni maneno ya wazee, na wazee hufa. Mnunuzi hujiuliza, “Je, nitanunua nyumba, au nitanunua kesi?”

Cha tatu ni karatasi. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 1999, ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, naye Rais ameishika kwa amana ya wananchi. Auzaye nyumba huuza haki ya kuimiliki ardhi ile pamoja na kilichojengwa juu yake. Kiwanja kilichopimwa huweza kupewa hati ya miaka hata 99. Katika mitaa isiyopimwa sheria hiyo yaruhusu leseni ya makazi, lakini leseni hiyo haizidi miaka 5, ndipo huhitaji kufanywa upya. Mwenye hati ndefu aweza kuiweka rehani benki akapata mkopo. Asiye nayo huuza kwa yule tu aliye na fedha zote mkononi, na watu wa namna hiyo ni wachache. Wanunuzi wakiwa wachache, bei hushuka. Hii ndiyo kanuni ya kila soko, la nyumba na la nyanya pia.

Haya hatuyasemi kwa macho yetu tu. Mwaka wa 2021 ilichapwa kazi ya wataalamu wa uchumi, Guy Michaels na wenzake, ambao walizichunguza sehemu za mradi huu katika miji ya Tanzania, wakitumia pia picha zilizopigwa kutoka angani. Waliona kwamba mahali palipopimwa kabla ya kujengwa, hata baada ya miongo minne hivi, pana nyumba kubwa zaidi, zimekaa kwa utaratibu zaidi, na ni bora zaidi. Lakini mahali palipotengenezwa baada ya watu kujenga hapakuonekana kuwa bora sana kuliko mitaa ya karibu ambayo haikuguswa. Barabara zilizopitishwa kwa taabu ziliharibika, na nafasi zilizoachwa zilijengwa.

Neno hilo la nafasi kujengwa twalitaka liwaingie sana. Jirani mmoja husogeza ukuta wake hatua mbili katika njia, apate jiko. Wa pili aona, naye asogeza. Wa tatu atia kibanda cha duka. Kila mmoja ahesabu kwamba amepata hatua mbili za bure. Lakini siku ya kuuza, nyumba zote za uchochoro ule zimeshuka bei, maana gari halipiti tena. Aliyeiba njia amejiibia mwenyewe, na pamoja naye amewaibia jirani zake wote, hata mjane ambaye hakusogeza kitu. Mjane huyo ameachiwa nyumba moja tu, nayo ndiyo shule ya watoto wake na ndiyo dawa ya uzee wake. Ikiuzwa kwa nusu ya thamani yake, ni nani atakayemlipa nusu ya pili?

Lakini haki yatutaka tuseme na upande mwingine, maana mtu asikiaye habari hizi aweza kudhani kwamba Sinza yote ni heri na Manzese yote ni taabu. Viwanja vya Sinza vilikusudiwa watu wa kipato kidogo. Benki ya Nyumba Tanzania iliwekwa kuwakopesha fedha za kujengea. Lakini kiwanja kizuri kina wapenzi wengi, nacho kikiwa kimoja kwa watu kumi, mwenye fedha ndiye akipataye mwisho. Wengi wa wale waliokusudiwa hawakuvipata, au walivipata wakaviuza. Kadiri bei ilivyopanda, mpangaji mnyonge alisukumwa mbali, na mara nyingi alisukumwa hata Manzese, na Tandale, na Mburahati. Kwa hiyo Manzese imefanya kazi ambayo Sinza haikuifanya: imewapokea watu wasio na kitu, ikawapa mahali pa kuanzia maisha. Mji ambao hauna Manzese yake huwalaza watu wake barazani.

Basi kosa li wapi? Wengine husema kosa ni kupima, kwa kuwa kupima kumeleta bei kubwa. Sisi hatukubali. Hali ile yatokana na uchache wa viwanja. Watu wanaongezeka upesi kuliko kamba ya mpima inavyonyooshwa. Mwaka wa 2002 ulianzishwa katika Dar es Salaam mradi wa viwanja 20,000, na huo ulikuwa mradi mkubwa. Lakini katika hesabu ya mwaka wa 2022 mkoa ulikuwa na watu 5,383,728. Wekeni namba hizi mbili pamoja, mtaelewa kwa nini kiwanja kilichopimwa kimekuwa kama lulu. Lau viwanja vingekuwa vingi kama mihogo, hata mnyonge angepata chake, na utaratibu usingekuwa anasa ya wenye nacho.

Huenda msikilizaji wa kijijini akasema, “Haya ni mambo ya mji, mimi yanihusu nini?” Ndugu yetu, Manzese nayo ilikuwa mashamba. Kila kijiji kilicho kwenye njia panda, chenye kituo cha basi, mashine ya kusaga na maduka matatu, kimekwisha kuanza safari ya kuwa mji. Samaki mkunje angali mbichi. Kwa hiyo twawapa mashauri manne, ambayo hayahitaji mkopo wa benki yoyote.

Shauri la kwanza: acheni njia kabla ya kujenga. Mwenye shamba anayewakatia watu viwanja na aanze kwa kutenga njia ambayo magari mawili yaweza kupishana. Atadhani amepoteza ardhi. Lakini viwanja vilivyobaki vitauzwa kwa bei nzuri zaidi, na faida itarudi mkononi mwake.

Shauri la pili: tieni alama za mipaka zilizo wazi, mawe au minyaa, mbele ya majirani wa pande zote nne, wazee wangali hai. Na katika vijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka wa 1999 yaupa mkutano wa kijiji na halmashauri yake sauti katika mambo ya ardhi. Itumieni sauti hiyo kupanga mahali pa makazi, mahali pa soko, mahali pa shule na mahali pa makaburi.

Shauri la tatu: andikeni. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mauzo yawe na maandishi, na mashahidi, na viongozi wa mahali. Tena mume asiuze nyumba ya ndoa kwa siri. Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 1971 yamkataza mtu kuiuza bila idhini ya mwenzi wake. Mnunuzi naye na aulize, “Mama wa nyumba hii yuko wapi, naye asemaje?” Swali hilo moja limewaokoa watu wengi na kesi ndefu.

Shauri la nne: iheshimuni njia kama mnavyoiheshimu mali ya yatima. Jirani akianza kusogeza ukuta, aambiwe siku ile ile, kwa upole, mbele ya wazee. Ukuta wa tofali tatu huondolewa kwa maneno. Ukuta uliokwisha kuezekwa huondolewa kwa machozi.

Wasikilizaji wetu, katika soko la nyumba kila mtu huitazama nyumba yake, huipaka chokaa, huitia dirisha zuri, akadhani ameongeza bei. Ni kweli, ameongeza kidogo. Lakini mitaa hii miwili jirani yatufundisha kwamba bei iliyo kubwa zaidi hutengenezwa na watu wote pamoja, nje ya mlango, katika ile nafasi tupu ambayo hakuna aliyejenga. Kwa leo tukomee hapa.